Nani Humchagua Mchaguzi? Tahakiki ya Uongozi wa Olimpiki Duniani

Tarehe 20 Machi 2025, wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walikutana Costa Navarino, Ugiriki, wakamchagua Bibi Kirsty Coventry wa Zimbabwe kuwa Rais wa Kamati hiyo kwa kipindi cha miaka minane. Tangu Kamati ilipoundwa mwaka 1894, marais wote tisa waliomtangulia walikuwa wanaume. Wanane walitoka Ulaya na mmoja Marekani. Huyu ni mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Katika Bara letu habari hiyo ilipokewa kwa shangwe, na katika madarasa ya elimu ya siasa swali limeulizwa: Je, sasa Afrika imeshika usukani wa michezo duniani?

Jibu la makala hii ni kwamba bado. Sababu si upungufu wa Bibi Coventry mwenyewe. Sababu ni kwamba kubadilika kwa mtu anayekalia kiti si kubadilika kwa mamlaka yanayomweka mtu kitini. Kada anayeshindwa kutofautisha mambo hayo mawili katika michezo atashindwa pia kuyatofautisha katika uchumi, katika ushirika na katika tawi lake mwenyewe. Ndiyo maana suala hili, ingawa linaonekana kuwa la uwanjani, ni suala la nadharia.

Kilichotokea Costa Navarino

Tuanze na ukweli wa mambo. Wagombea walikuwa saba. Pamoja na Bibi Coventry walikuwamo Juan Antonio Samaranch wa Hispania, mtoto wa Rais wa zamani mwenye jina hilo hilo. Sebastian Coe wa Uingereza, mkimbiaji wa zamani mwenye cheo cha Lord na Rais wa shirikisho la riadha duniani. David Lappartient wa Ufaransa, Rais wa shirikisho la baiskeli. Morinari Watanabe wa Japani, Rais wa shirikisho la jimnastiki. Feisal, mwana wa mfalme wa Jordan. Na Johan Eliasch, mfanyabiashara tajiri na Rais wa shirikisho la mchezo wa kuteleza kwenye theluji.

Kura halali zilikuwa 97. Bibi Coventry alipata 49, Samaranch 28, Coe 8, Lappartient na Watanabe 4 kila mmoja, Feisal na Eliasch 2 kila mmoja. Kwa kuwa 49 ni zaidi ya nusu ya 97, uchaguzi ulikwisha katika duru ya kwanza. Wengi walitarajia duru kadhaa.

Sasa tuangalie kampeni ilivyokuwa. Januari 2025, huko Lausanne, kila mgombea alipewa dakika kumi na tano kuzungumza mbele ya wajumbe. Waandishi wa habari hawakuruhusiwa kuingia, na wajumbe hawakuruhusiwa kuuliza maswali. Hapakuwa na mdahalo kati ya wagombea. Mjumbe hakuruhusiwa kutangaza hadharani anamwunga mkono nani. Hivyo mamilioni ya wanamichezo wa dunia, ambao jasho lao ndilo linaloifanya Olimpiki iwe Olimpiki, hawakusikia sera zikishindanishwa wala hawakumjua aliyepiga kura kwa niaba yao. Kwa hakika hakuna aliyepiga kura kwa niaba yao. Jambo hili linatupeleka kwenye kiini cha tatizo.

Kamati inayojizaa yenyewe

Katika chama chochote cha umma swali la kwanza si "nani ameshinda?" Swali la kwanza ni "nani amepiga kura, na nani amemtuma apige kura?"

Katiba ya Olimpiki inalijibu swali hilo waziwazi. Wajumbe wa Kamati ya Kimataifa hawazidi 115. Kati yao 70 ni wajumbe binafsi; waliobaki wanatoka kwa wanamichezo, mashirikisho ya kimataifa na Kamati za Olimpiki za mataifa, viti 15 kwa kila kundi. Lakini wote, hata wale wa makundi hayo matatu, huthibitishwa na Mkutano Mkuu wa Kamati yenyewe kwa mapendekezo ya Halmashauri yake ya Utendaji. Yaani waliomo ndani ndio huamua nani aingie. Tena Katiba inasema kwamba mjumbe anaiwakilisha Kamati katika nchi yake, na wala haiwakilishi nchi yake katika Kamati. Mjumbe kutoka Afrika si balozi wa Afrika huko Lausanne. Kwa mujibu wa sheria yao, yeye ni balozi wa Lausanne katika Afrika.

Msomaji asidhani kwamba maneno hayo yaliandikwa kwa bahati mbaya. Baron Pierre de Coubertin, kabaila wa Kifaransa aliyeianzisha Kamati mjini Paris mwaka 1894, aliwateua wajumbe wa kwanza yeye mwenyewe. Alitaka wawe watu wenye mali na vyeo, wasiomtegemea mtu na wasiowajibika kwa mtu. Hadi katikati ya miaka ya 1960 ujumbe ulikuwa wa maisha, kama usultani. Kikomo cha umri kiliwekwa mwaka 1966, tena kwa wajumbe wapya tu. Mwanamke hakuingia mpaka mwaka 1981. Hata katika karne hii tumeona humo Mfalme Mdogo wa Monaco, Amiri wa Qatar na binti wa Malkia wa Uingereza. Mwaka 2001 Samaranch mzee alipostaafu baada ya kutawala miaka ishirini na mmoja, Mkutano Mkuu ule ule ulimwingiza mtoto wake kuwa mjumbe. Huyo ndiye aliyekuja kupata kura 28 mwaka 2025. Urithi wa namna hiyo tuliuzoea kwa masultani na machifu.

Katika muundo huo Rais ana nguvu kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Anayeongoza Halmashauri ya Utendaji huongoza mlango wa kuingilia. Na anayeongoza mlango, baada ya miaka kumi na miwili, anakuta ukumbi umejaa watu waliopita mbele yake. Wengi wa waliopiga kura Costa Navarino waliingia katika Kamati wakati wa Thomas Bach wa Ujerumani, aliyeongoza tangu 2013 hadi 2025. Vyombo vingi vya habari viliandika kwamba Bibi Coventry ndiye Bach aliyempendelea. Hata kama tusingejua hilo, muundo wenyewe ungetosha kutuonya. Uchaguzi ambao mtawala anayeondoka amewachuja wapiga kura ni nusu ya uteuzi.

Yafaa tukumbuke tukio la Mumbai, Oktoba 2023. Mjumbe kutoka Algeria, Mustapha Berraf, ambaye pia alikuwa Rais wa umoja wa Kamati za Olimpiki za Afrika, alisimama kumwomba Bach aendelee baada ya kikomo cha miaka kumi na miwili, ingawa Katiba ingepaswa kubadilishwa ili hilo liwezekane. Bach alikuja kukataa mwaka 2024. Lakini tujiulize kwa nini ombi hilo, ambalo halikuongeza hata kura moja ya wanamichezo wa Afrika, lilitoka mdomoni mwa kiongozi wa Afrika. Mkono mtupu haulambwi. Tutalirudia swali hilo.

"Michezo isichanganywe na siasa"

Kila mara Afrika ilipodai haki katika Olimpiki ilijibiwa kwamba michezo isichanganywe na siasa. Aliyeyasema maneno hayo kwa ukali zaidi ni Avery Brundage, tajiri wa ujenzi kutoka Chicago, Rais wa Kamati tangu 1952 hadi 1972. Mtu huyo huyo alipigana kuhakikisha kwamba Marekani inakwenda Berlin mwaka 1936, katika michezo iliyoandaliwa na Hitler kwa ajili ya kuipamba serikali yake. Mwaka 1968, Wamarekani weusi Tommie Smith na John Carlos walipoinua ngumi jukwaani Mexico kupinga ubaguzi, walifukuzwa kambini. Saluti ya Kinazi haikuwa siasa. Ngumi ya mtu mweusi ilikuwa siasa! Samaranch mzee naye, kabla ya kuchaguliwa Rais mwaka 1980, alikuwa mtumishi wa utawala wa dikteta Franco, na kwa wakati fulani ndiye aliyekuwa msimamizi wa michezo wa utawala huo.

Kwa hiyo basi, kauli ya kutenganisha michezo na siasa haijapata kuwa kanuni. Imekuwa silaha. Siasa ya mwenye nguvu huitwa desturi, na siasa ya mnyonge huitwa fujo. Mataifa yaliyojaribu kuuondoa unafiki huo yalipata upinzani mkubwa. Urusi ya Kisovieti ilipendekeza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba Kamati zote za mataifa na mashirikisho ya michezo yapewe uwakilishi; pendekezo likazikwa na wajumbe mjini Athens mwaka 1961. Indonesia ya Sukarno ilipofungiwa na Kamati, ilianzisha michezo yake ya nchi zinazoinukia mjini Jakarta mwaka 1963, ikatamka wazi kwamba michezo na siasa havitenganishwi. Michezo hiyo haikudumu, lakini ilionyesha kwamba kuna njia nyingine.

Nguvu ya Afrika ilitoka wapi

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Katika miaka ambayo Afrika ilikuwa na wajumbe wachache mno katika Kamati ya Kimataifa, ndipo ilipopata ushindi mkubwa. Tena baadhi ya hao wachache hawakuwa watu wa umma wa Afrika: mjumbe wa Kenya tangu 1960 alikuwa Reginald Alexander, mlowezi aliyepata kuwa Meya wa Nairobi.

Mwezi Desemba 1966 liliundwa huko Bamako Baraza Kuu la Michezo Barani Afrika. Katibu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Jean-Claude Ganga wa Kongo-Brazzaville. Shabaha yake kuu ilikuwa kuwatoa makaburu katika michezo ya dunia. Februari 1968, wajumbe wa Kamati ya Kimataifa walipiga kura kuirudisha Afrika Kusini kwenye Olimpiki ya Mexico. Kwa kura za ndani, Afrika ilikuwa imeshindwa. Baraza likakutana Brazzaville, nchi za Afrika zikasema kwa sauti moja kwamba hazitakwenda Mexico, na nchi nyingine za Dunia ya Tatu na za kisoshalisti zikaonyesha dalili za kufuata. Kufika Aprili mwaka ule ule, Kamati ilikuwa imerudi nyuma, na mwaliko wa makaburu ukafutwa. Mwaka 1970 Afrika Kusini ilifukuzwa kabisa. Mwaka 1972, siku chache kabla ya michezo ya Munich, Kamati iliiondoa Rhodesia ya Ian Smith kwa kura 36 dhidi ya 31, watatu wakijizuia. Brundage alipinga hadi dakika ya mwisho.

Tafakari ukweli huo pamoja na tukio la 2025. Bibi Coventry alizaliwa Harare mwaka 1983, katika Zimbabwe huru. Bendera aliyoiogelea Athens mwaka 2004 na Beijing mwaka 2008, akashinda dhahabu mara zote mbili, iliingia katika Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1980, miezi michache baada ya uhuru. Ilipata nafasi hiyo kwa damu ya wapigania uhuru na kwa msimamo wa nchi zilizokataa kucheza na Smith. Wapo wanaomkejeli kwamba si Mwafrika kwa kuwa ni mweupe. Hoja hiyo ni ya kibaguzi na makada waikatae. Hatukupigana na ubaguzi ili tuubadilishe rangi. Swali letu kwake si la ngozi, ni la msimamo: anasimama na nani?

Mwaka 1976 Afrika ilisusia Montreal, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga kwa makaburu katika mwaka wa mauaji ya Soweto. Kamati ilijibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki. Zaidi ya nchi ishirini ziliwarudisha vijana wao nyumbani au hazikwenda kabisa. Gharama yake tunaijua kwa jina: Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, hakupambana tena na John Walker siku ambayo dunia yote iliingoja, na Walker akachukua dhahabu. Hatuna haki ya kulitaja tukio hilo kwa majigambo bila ya kutaja kwamba kijana mmoja alitoa kilele cha maisha yake ya riadha kwa ajili ya wengine. Lakini matokeo yalionekana. Mwaka uliofuata nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana, kwa Mapatano ya Gleneagles, kuzuia uhusiano wa michezo na Afrika Kusini.

Msimamo huo haukuwa wa kususa kwa mazoea. Mwaka 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma Muhammad Ali aizunguke Afrika kuomba isusie Moscow. Alipofika Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere hakumpokea. Nchi iliyosusia Montreal kwa uamuzi wake haikukubali kutumwa kususia Moscow kwa uamuzi wa wengine, kwani Marekani ileile haikuisikiliza Afrika kuhusu makaburu mwaka 1976. Tanzania ilikwenda, na Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Huko ndiko kujitegemea katika michezo: kuamua wenyewe lini twende na lini tusiende.

Kutoka kwenye mapambano hadi mezani

Baadaye hali ilibadilika. Michezo ya Los Angeles mwaka 1984 ilifadhiliwa na makampuni na kuleta faida ya zaidi ya dola za Marekani milioni 200. Tangu 1985 Kamati ya Kimataifa imekuwa ikiuza udhamini kwa makampuni makubwa ya dunia. Mwaka 2014 kampuni ya televisheni ya NBC ya Marekani ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 7.6 kwa haki za matangazo tangu 2021 hadi 2032. Klabu ya makabaila ikawa shirika la mabepari, lakini mlango wa kuingilia haukubadilishwa.

Fedha hizo zilipoanza kumiminika, Kamati za Olimpiki za nchi maskini zilianza kupata mgao kupitia mfuko wa Mshikamano wa Olimpiki. Bajeti ya mfuko huo kwa miaka 2021 hadi 2024 ilikuwa dola milioni 590. Fedha hizo zimewasomesha makocha na kuwasafirisha vijana wetu, na tusizidharau. Lakini fedha ileile ni mapato ya jasho la wanamichezo, na inaporudi kwao kama fadhila kutoka juu, anayepokea huanza kumtazama mgawaji na si umma uliomtuma. Hapo ndipo jibu la swali la Mumbai lilipo.

Mfano mchungu ni wa Ganga mwenyewe. Yule Katibu Mkuu aliyewatikisa wakubwa mwaka 1968 akiwa nje ya ukumbi, baadaye aliingia ukumbini akawa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa. Machi 1999 alikuwa mmoja wa wajumbe sita waliofukuzwa kwa kupokea manufaa kutoka kwa waliotaka michezo ya 2002 ipelekwe Salt Lake City, Marekani. Hatusemi hayo ili kuufuta mchango wake. Mchango ule ni wa historia. Tunasema kwamba mtu yule yule, alipokuwa ametumwa na nchi huru zilizomwagiza na kumdai taarifa, alikuwa simba. Na alipokuwa mjumbe asiyewajibika kwa mtu ila kwa wenzake ukumbini, alinaswa.

Na tuutazame upande wa pili wa kashfa hiyo. Wale sita walitoka Kongo, Mali, Sudan, Chile, Ecuador na Samoa. Hakuna hata mmoja wa sita hao aliyetoka katika nchi tajiri. Waliotoa walifikishwa mahakamani Marekani, na mwaka 2003 viongozi wawili wa maombi ya Salt Lake City wakaachiwa huru. Michezo ilifanyika kule kule mwaka 2002, na mwaka 2024 mji huo ukapewa michezo mingine ya 2034. Rais Samaranch, ambaye yote yalitendeka chini yake, alipigiwa kura ya imani na wajumbe wale wale akashinda kwa 86 dhidi ya 2. Rushwa ilikuwa ya mfumo, lakini adhabu ilikuwa ya wanyonge wa mfumo.

Hoja ya kura moja kwa kila nchi

Wapo watakaosema dawa ni rahisi: kila nchi ipewe kura moja. Kwa hesabu hiyo Afrika, yenye Kamati 54 kati ya 206, ingekuwa na zaidi ya robo ya kura zote. Dai hilo ni la haki na tulitetee. Lakini tusidanganyike kwamba linatosha.

Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, lina kura moja kwa kila nchi. Mwaka 1974 kura za Afrika zilisaidia kumwondoa Mwingereza Stanley Rous, aliyewavumilia makaburu, na kumweka Joao Havelange wa Brazili. Ulikuwa ushindi wa kweli. Lakini mwaka 2015 polisi waliwakamata viongozi wa soka wa dunia hotelini Zürich kwa mashtaka ya rushwa ya miaka mingi. Kura zilikuwapo, kilichokosekana ni mwenye kura kudaiwa hesabu na waliomtuma. Kura isiyo na maagizo na isiyo na taarifa ya marejeo ni mali binafsi ya mpigaji, na mali binafsi huuzwa.

Wengine watasema serikali iingie, iwaondoe viongozi wabovu. Hapo nako pana mtego. Novemba 2021 vyombo vya serikali za Zimbabwe na Kenya viliwaondoa viongozi wa vyama vya soka. Kule Zimbabwe madai yalikuwa pamoja na matumizi mabaya ya fedha na kunyanyaswa kwa waamuzi wa kike; Waziri wa michezo alikuwa Bibi Coventry mwenyewe. Februari 2022 FIFA ikazifungia nchi zote mbili siku moja, kwa kosa la serikali kuingilia. Leo Waziri yule ndiye mlinzi mkuu wa kanuni ya Olimpiki kwamba serikali zisiingilie. Hatumcheki. Tunaona mkanganyiko ulivyo: kanuni ya uhuru wa vyama vya michezo inamlinda mwanamichezo dhidi ya waziri dhalimu, na kanuni hiyo hiyo inamlinda kiongozi mwizi dhidi ya mwanamichezo. Haitatatuliwa kwa amri kutoka juu, iwe ya Lausanne au ya wizarani. Itatatuliwa na wanachama wenyewe walio na nguvu ya kumtoa waliyemweka.

Wajibu wa makada

Kwa hiyo tumpongeze Bibi Coventry, na tumdai. Aliingia katika Kamati mwaka 2013 kupitia Tume ya Wanamichezo, mlango pekee ambao wanamichezo wana kura. Basi aupanue mlango huo. Aruhusu wagombea wahojiwe hadharani. Azisaidie nchi za Afrika kupata sauti katika mgawo wa mapato kama haki yao. Kipimo cha urais wake kitakuwa hayo, na si bendera iliyopepea Costa Navarino.

Lakini ukosoaji unaoishia Lausanne ni ukosoaji mwepesi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Tuingie katika vyama vyetu vya michezo, vya wilaya, mikoa na Taifa. Ni mara ngapi tumeona orodha ya wapiga kura ikitengenezwa na mwenyekiti anayegombea tena? Ni mara ngapi klabu za mfukoni zimezaliwa mwezi wa uchaguzi na kufa mwezi unaofuata? Ni wachezaji wangapi wanaomjua aliyepiga kura kwa jina la klabu yao? Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lakini sheria haiwezi kuwa macho ya kila mwanachama.

Kada anayepelekwa kusimamia uchaguzi, uwe wa chama cha riadha, wa ushirika wa mazao au wa tawi, aanze na maswali manne kabla ya kuhesabu kura hata moja. Wapiga kura hawa ni nani? Nani amewaingiza katika orodha, na lini? Wametumwa na kikao gani, kwa maagizo gani? Watarudi lini kutoa taarifa, na wakikiuka maagizo nani atawaondoa? Akikosa jibu la lolote kati ya hayo, asitie saini kwamba uchaguzi ulikuwa wa haki, hata kama masanduku yalifungwa kwa lakiri na kura zilikuwa za siri.

Chama kilichoongoza umma kudai uhuru hakiwezi kuyauliza maswali hayo kwa wengine peke yao. Yeyote kati yetu anayewachagua wachaguzi wake, kwa ngazi yoyote, anajenga Lausanne ndogo mahali pake. Mwaka 1968 Afrika haikuwa na viti. Ilikuwa na umoja, maagizo yaliyo wazi na viongozi waliojua watarudi kujieleza. Hayo ndiyo yaliyomshinda Brundage. Viti tumeanza kuvipata. Kazi iliyopo ni kuhakikisha kwamba anayekaa juu yake anajua ametumwa na nani.